Phineas Mwaura, Mtu Aliyekataa Kuhesabu Watu

Mchungaji, wazee, majirani wa Adelphi, ndugu mliotoka Gaithersburg na Columbia Heights kwa baridi hii ya Februari, na ninyi mliosafiri kutoka mbali zaidi kaskazini, familia imemkabidhi shemeji wa marehemu karatasi hizi azisome, na kwa kuwa shemeji hana sababu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mtasikia mema yake pamoja na ukaidi wake, maana vyote viwili ndivyo vilivyomleta hapa mbele yetu leo, Jumamosi tarehe 20 Februari 1999.

Phineas Mwaura Gatheru alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Othaya, wilaya ya Nyeri, nchini Kenya, akiwa kifungua mimba wa mzee Gatheru na mama Nyaguthii. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa kwao waliondolewa mashambani wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, na kila jioni askari waliwapanga mstari na kuwahesabu kwa ncha ya fimbo. Mama Nyaguthii, ambaye kwao kumhesabu mtu aliye hai ni kumwitia mauti, alimfunga mwanawe mgongoni na kumfunika shuka gubigubi, hivyo kwa karibu miaka miwili Phineas hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Baba yake naye alimfundisha kwamba hata mbuzi hawahesabiwi wanaporudi zizini, bali unawatazama nyuso, na asiyerudi utamjua kwa pengo lake. Wengi wetu tulifundishwa hayo tukayaacha uwanjani tulipopanda ndege, yeye hakuyaacha.

Alianza shule ya msingi hukohuko Othaya mwaka 1958, akaendelea na shule ya upili mjini Nyeri kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1969, ambapo alifaulu vizuri masomo yote, ya hesabu yakiwamo, jambo ambalo mkewe hulitaja kila mara ili watu wasidhani kwamba hakujua kuhesabu.

Mwezi Mei 1971 aliajiriwa katika jumba la makumbusho jijini Nairobi, idara ya ndege, kazi yake ikiwa kuwachuna, kuwajaza pamba na kuwafunga vibandiko miguuni, na mwezi Agosti 1981 alikuja Maryland kusomea kazi hiyohiyo, kisha tarehe 3 Oktoba 1983 akaajiriwa na jumba moja la makumbusho hapa Washington, alikofanya kazi hadi ugonjwa ulipomzuia. Waliopata kupanda naye treni watakumbuka harufu ya dawa ya kufukuza nondo na wadudu iliyomtangulia, kiasi kwamba mkewe, Mama Lorraine, alijua mumewe amerudi kabla hajasikia ufunguo mlangoni.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa takatifu na Bi. Waringa, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kazi yake ya uuguzi katika nyumba ya wazee Silver Spring, na huku Marekani wakaishi kwanza Columbia Heights, na tangu mwaka 1986 katika fleti yao karibu na University Boulevard. Kwa desturi ya historia kama hii ingepasa kutaja Mungu aliwajalia watoto wangapi, lakini marehemu alikataza, na kila alipoulizwa swali hilo alijibu tu, “Wapo,” kwa hiyo tunawataja kwa majina, nanyi watazameni hapo mbele: Lorraine Nyaguthii, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1980, mwanafunzi wa chuo huko Baltimore, na Gatheru, aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1984.

Sasa tunafika mahali ambapo Mama Lorraine ameomba pasomwe polepole. Kuanzia mwaka 1988, kila Juni hadi mwisho wa Julai, makumbusho yalimtuma Phineas pamoja na wanafunzi kwenye pwani ya jimbo la Maine, karibu na mpaka wa Kanada, kuchunguza ndege wa visiwani, na mtu huyu wa milimani, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini, akaipenda pwani ile kwa namna ambayo mkewe hakuielewa wala hakuipenda. Si pwani ya mchanga na minazi, ni majabali meusi yaliyochongoka, maji baridi yanayoweza kumuua mtu mzima kwa muda wa ibada moja, kujaa na kupwa kwa zaidi ya mita tano, na ukungu unaoingia mchana kweupe hadi mtu asione mkono wake juu ya usukani. Alisimulia jinsi sili, wale wanyama wa bahari za baridi, wanavyolala juu ya miamba wakilia kwa sauti ya kina mama walio msibani, na jinsi wanavyoibua vichwa kuizunguka boti na kutazama kwa macho ya watu, na kuhusu ndege mdogo mweusi wa bahari kuu anayetaga ndani ya shimo ardhini, ambaye ili kujua kama yumo unalala kifudifudi ukaingiza mkono hadi begani, huku yeye akicheka chini ya udongo, chini ya kifua chako. Gatheru alipokuwa mdogo alipenda sana hadithi hiyo, na mama yake aliipiga marufuku mezani.

Boti yao iliendeshwa na Kapteni Haskell, mwenyeji wa pwani ile, ambaye yuko nasi kanisani, na ambaye ameruhusu haya yasemwe. Sheria ya kwanza ya kapteni ilikuwa kwamba hakuna kung'oa nanga kabla watu hawajahesabiwa, na kwa kuwa Phineas ndiye aliyekuwa msaidizi wake, kazi hiyo ilimwangukia. Ndege aliwahesabu kwa maelfu bila kukosea, mayai aliyahesabu, lakini alipoambiwa ahesabu watu alikataa katakata, akawa anasimama ukingoni mwa boti na kumtazama kila mmoja usoni, kisha anasema, “Wote wapo.” Mwezi Julai 1996 kapteni alichoka, akaandika barua kwa wakubwa wa makumbusho kwamba mtu huyu kwa ushirikina wake ipo siku atamwacha mtoto wa watu kisiwani, na Phineas aliitwa ofisini, akaponea chupuchupu kufukuzwa kazi, kwa sharti kwamba kuanzia siku hiyo kapteni ahesabu mwenyewe. Mkewe alimwambia wazi, “Baba Lorraine, hesabu tu, hao ni watu wa kwao, hawatakufa kwa mila zetu,” naye akamjibu kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwa wiki nzima hapakuwa na maelewano nyumbani humo.

Alhamisi tarehe 17 Julai 1997, wakitoka kwenye kisiwa kiitwacho na wenyeji Kofia, wakiwa na wanafunzi wanne, kapteni aliwahesabu katika ukungu akapata watano, akarudia akapata watano, akarudia tena mara ya tatu, kisha akasema kahawa yake ya asubuhi ilikuwa kali. Phineas alizitazama nyuso akasema wote wapo, wakaondoka, na bandarini wakashuka wanne. Walilicheka jambo hilo mwaka mzima, isipokuwa Phineas, ambaye aliliandika katika daftari lake la ndege, baada ya idadi ya shakwe, bila maelezo yoyote.

Jumanne tarehe 14 Julai 1998, saa nane mchana, kisiwani palepale, ukungu ulishuka ghafla na maji yakaanza kujaa. Wanafunzi walikuwa wanne tena, na mmoja wao, binti aitwaye Meredith, alikuwa upande wa pili, chini kwenye ufa wa mwamba, akitafuta viota vya ndege wenye miguu myekundu. Kapteni alipiga king'ora, watu wakateremka mmoja mmoja wakiwa wamejifunika kofia za makoti, akawahesabu wakatimia wanne, akang'oa nanga. Phineas alizitazama nyuso, akamshika kapteni mkono, akauliza, “Meredith yuko wapi?” Kapteni akamjibu kwamba wametimia, ahesabu mwenyewe kama haamini, akahesabu tena mbele yake kwa sauti, wakatimia, na boti ikaendelea kusogea mbali na mwamba.

Hapo ndipo ukaidi wake ulipotufaa. Hakubishana, alifungua kamba ya mashua ndogo ya makasia iliyofungwa nyuma ya boti, akaingia, akapotelea kwenye ukungu akiita jina la binti yule. Kapteni anasema alizima injini, na kwa hasira akaanza kuhesabu mara nyingine ili amwonyeshe kila mtu mpumbavu ni nani, akapata wanne, ndipo akawaamuru waseme majina yao mmoja baada ya mwingine. Yakasikika majina matatu. Baada ya hapo walisikika sili tu wakilia, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo kutazama benchi la nyuma, hata kapteni mwenyewe, ambaye amekuwa baharini miaka arobaini na hajioni kuwa mwoga.

Phineas alimkuta Meredith maji yakiwa yamemfika kifuani, vidole vyake vimekufa ganzi asiweze kushika kamba, ikambidi aingie majini amsukume kwa bega hadi ndani ya mashua, na yeye mwenyewe akabaki akining'inia ubavuni kwa muda ambao hakuna anayeujua, hadi alipopata nguvu ya kupanda. Walipoifikia boti ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na benchi la nyuma lilikuwa tupu, limelowa. Meredith yuko nasi leo, amekaa na Lorraine, na kama kuna mtu amekuwa akijiuliza binti yule mgeni anayelia kuliko wafiwa ni nani, basi ndiye huyo.

Alirudi Adelphi tarehe 2 Agosti 1998 akiwa na kikohozi, akakidharau kama wanaume wanavyofanya, hadi tarehe 19 Septemba alipoanguka jikoni akapelekwa hospitali, ikaonekana mapafu yameathirika na moyo umechoka, na tangu hapo akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa. Mwezi Novemba, akiwa nyumbani, Mama Lorraine alimuuliza jambo ambalo sote tulitaka kuuliza tukaogopa, kwamba siku ile alipotazama nyuso ndani ya boti, je, huyo wa nne alimwona, naye akasema, “Nilimwona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasikia baridi tu, alitaka kuondoka pale.” Alipoulizwa ni nani, aligeukia ukutani akasema amechoka.

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 8 Februari 1999, na Ijumaa tarehe 12, baada ya Lorraine kufika kwa basi kutoka Baltimore, alifumbua macho saa kumi alasiri, jua likiwa bado dirishani. Alimtazama mkewe usoni, akamtazama Lorraine, akamtazama Gatheru, akamtazama shemeji yake huyu, na Lorraine, kwa Kiingereza chao cha siku zote, akamwambia kwamba tuko wote hapa. Yeye akaendelea kutazama, akafika kwenye kiti kilichokuwa tupu kando ya dirisha, akakitazama muda uleule aliotupa sisi, akakiitikia kwa kichwa kama mtu anayemjua, akasema kwa Kiswahili, taratibu, “Wote wapo. Twendeni.” Kisha akakata roho. Mama Lorraine anataka isemwe kwamba yeye hakuogopa, alikasirika, na mpaka leo amekasirika, kwa sababu ameishi na mtu huyu miaka ishirini, amemfulia mashati yanayonuka ndege na kumlisha uji kwa kijiko, lakini aliyefuatana naye safari ile hakumtajia hata jina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Septemba, na hasa muuguzi Leokadia wa Bukoba, aliyemsemesha Kiswahili kila zamu yake. Tunawashukuru majirani zetu wa jengo zima, Watanzania, Wakenya na Wakongo, waliopika, waliompeleka Gatheru shuleni na kukesha nasi kwa nyimbo, wafanyakazi wenzake wa makumbusho, Mchungaji na kwaya, na wazee wa Othaya, ambao baada ya simu nyingi na maneno makali walikubali apumzike huku Maryland karibu na watoto wake, kama alivyoomba. Tunamshukuru pia Kapteni Haskell, aliyeendesha gari siku mbili katika theluji, na ambaye jana, mbele ya familia yote, aliomba radhi kwa ile barua, akasamehewa.

Phineas, shemeji yetu, ulikuwa mgumu kuliko jiwe na ulitusumbua sana, tulikupenda. Wewe ndiye uliyerudi kumchukua mtu wakati kila mmoja aliridhika kwamba wametimia, hukumwacha mtu nyuma, awe wa kwenu au wa watu, na inatuuma kwamba leo alasiri, tukishatoka makaburini na kuingia magarini, tutatazamana nyuso mmoja baada ya mwingine, tutaona wewe hupo, na bado itatubidi kuondoka. Hatuna mashua ya kukurudia. Kama yule wa kiti cha dirishani alikuja kukuchukua kwa wema uliomtendea wa kutomfukuza botini, basi na akae karibu nawe, asikuache upate baridi, hadi Bwana atakapotuita sote kwa majina.

Pumzika kwa amani.