Mkwe Wangu na Zile Jumamosi Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa klabu ya baiskeli, ndugu waendeshaji mnaoagwa leo, wazazi wenzangu, na nyinyi huko nyuma mliofuata soda: habari za mchana.

Nimeambiwa niseme maneno mawili kwa niaba ya familia. Karatasi sina. Kazi yangu mimi ni koleo na lami, barabara ya mlimani, mwaka wa ishirini huu.

Mwenyekiti ametusomea daftari la mazoezi. Mkwe wangu yule pale, mwenye shati jeupe, mmemshangilia sana. Eti kila Jumamosi kapanda mlima ule na kushuka, mara kumi na tisa, hajakosa hata moja.

Jamani, mwezi uliopita wote, Jumamosi nne, barabara ile ilifungwa. Tulikuwa tunamwaga lami. Nani alishika kibao chekundu pale chini? Mimi. Hata mbuzi hakupita. Sasa huyu alipita wapi, hewani?

Nilimuuliza taratibu, nyumbani kwake.

"Nilipita mapema, baba, kabla hamjafika."

"Hatukuwa tunafika, mkwe. Tulikuwa tunalala pale pale, kwenye hema."

Binti yangu akaingilia: "Baba nawe! Kwako kila mtu mwongo. Mbona anarudi hoi?"

Nikamwambia: hoi gani, mwanangu, kaptula haina hata chumvi ya jasho? Inanukia sabuni!

Nikainamia baiskeli. Raba za breki mpya kabisa. Nyinyi wenzake mnajua: ukishuka mlima ule mara tano tu, raba zinabaki nyembamba kama kucha. Msicheke. Na wewe mwenyekiti, usinitazamie saa. Hayo uliyoandika, uliyaona au uliambiwa?

Sikusimama hapa kumwaibisha mtoto wa watu. Ni mpole, anamtunza binti yangu, na mjukuu yuko njiani. Ila mashindano ya Jumapili ni kilomita mia na arobaini, na kushuka mlima ule kuna kona thelathini na mbili. Nazijua, mitaro yake nimechimba mimi. Ya kumi na moja haina ukingo. Mtu asiyezoea kushuka, akifika pale anabana breki zote kwa woga, na habari yake imeishia hapo. Mimi nimefiwa na mke, mwaka wa sita sasa. Najua chakula cha mtu mmoja kinavyopikwa. Binti yangu ana miaka ishirini na saba. Sitaki ajue.

Sasa, mkwe. Baiskeli yako pale nyuma ya bango ina gurudumu moja. La mbele usilitafute, na fundi usimgombeze. Liko kwangu, chini ya kitanda. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nalo mlimani pale chini. Tutalifunga. Utapanda nikiona, utashuka nikiona. Msimamizi wetu kanipa pikipiki, nitakuwa nyuma yako. Ukishuka vizuri, nenda Jumapili na baraka zangu zote. Ukishindwa, gurudumu narudi nalo, na binti yangu aninunie mpaka ajifungue. Kununiwa naweza.

Mgeni rasmi, nimekula muda wako, niwie radhi. Na nyinyi wote, asanteni kwa masikio yenu. Nakaa.