Nehemiah Lidonde Amugune: Mjumbe kati ya Mfalme na Bunge

Nehemiah alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Mbale, Vihiga, kifungua mimba wa marehemu Mzee Amugune na Mama Lydia. Alisomea huko huko Mbale, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Walimu wake waliandika kwamba anaongea sana. Hawakukosea.

Alimuoa Fridah tarehe 9 Desemba 2006, baada ya kuwapatanisha wazee wa pande zote mbili yeye mwenyewe, kazi ambayo bwana harusi kwa kawaida haachiwi.

Mwaka 2014 alikwenda Riyadh kuwa dereva, akapanga chumba mtaa wa Al-Shumaisi. Wakenya wa huko walikuwa na chama cha kufaana. Katiba yao, iliyoandikwa na watu waliochoshwa na uchaguzi wa nyumbani, ilimpa mwenyekiti cheo cha Mfalme, cha maisha. Wanachama wakawa Bunge, wenye haki ya kumkataa kila anayemteua. Mfalme, Mzee Julius, alikuwa mlinzi wa lango. Nehemiah ndiye aliyepita kati yao akibembeleza.

Oktoba mwaka huu wa 2025 Mfalme alimteua Priscilla, mfanyakazi wa nyumbani huko Ruwais, Jeddah, kuwa Waziri wa Misiba: mtu wa kuongea na makafili, yaani mabosi wadhamini, ili maiti zirudi kwao. Bila waziri, chama hakina mdomo. Wanaume wa Riyadh wakagoma.

“Madam wake akimkatalia kutoka, maiti itangoja ruhusa?” Lewis, mmoja wao, aliuliza kwenye kikao cha simu.

“Wewe Lewis, hata ikama yako, kibali chako cha kuishi hapa, imekaliwa na bosi,” Priscilla akamjibu. “Unaniringia nini?”

Kufikia Ijumaa tarehe 7 Novemba, Nehemiah alikuwa amepata kura za kutosha. Hata hivyo akaomba kikao kiahirishwe wiki moja, Riyadh wasijione wamesukumwa.

“Mzee, tuwaache wakubali wenyewe,” alimwambia Mfalme. “Kwani nani anakufa wiki hii?”

Aya ya ugonjwa ingekaa hapa, lakini Nehemiah hakuugua. Jumanne tarehe 11, asubuhi, aliegesha gari la bosi, akazima injini, akafa. Daktari alisema ni moyo. Fridah alisema wamekosea mtu, akaendelea kumpigia simu mpaka ikaisha chaji.

Kafili wa Nehemiah akaamua azikwe huko huko, halas, mjadala umekwisha. Na waziri hakuwapo.

Bunge likakutana jioni hiyo. Hoja ya kumthibitisha Priscilla ilitolewa na Lewis. Ikapita bila kupingwa. Priscilla akampigia kafili, Kiarabu chake kikaishia kwenye kilio. Madam wake akamnyang’anya simu, akamfokea yule bwana kama anayemgombeza muuza samaki. Kafili akatia sahihi.

Nehemiah alifika nyumbani tarehe 27 Novemba, na bado hatujaamini. Ameacha mjane wake Fridah, watoto Joy na Elly, mama yake Lydia, ndugu yake Jeremy, Mfalme mmoja, na Bunge ambalo kwa mara ya kwanza halina la kusema.

Amani aliyowatafutia wengine sasa ni yake, na isipingwe na mtu.