Oda za Kondoo Zilizogoma Kufunguka

Kijiwe chetu ni benchi la Mame Khady, muuza kahawa ya Touba, chini ya ofisi yetu mtaa wa Médina, Dakar. Asubuhi hiyo mafundi wote wa tovuti ya kuagizia kondoo tulikimbilia hapo, maana simu za wateja huko juu ofisini zilikuwa haziishi kulia. Tabaski, sikukuu ya kuchinja, ilikuwa imekaribia, nasi tulikuwa tumeihamisha tovuti kutoka fremuweki, yaani kiunzi cha programu, ya zamani kwenda mpya, na oda zote za zamani zikagoma kufunguka. Kondoo wako zizini, ila hatujui yupi ni wa nani.

Ablaye, tunayemwita Mawingu, alisema ni waya wa chini ya bahari. Diop, jina la kijiweni Profesa, akadai tarehe zimeandikwa Kifaransa na fremuweki mpya haijasoma Kifaransa. Mimi Ndiaye sikutaka kuachwa nyuma, nikasema ni vumbi limeingia kwenye seva.

— Seva iko Ulaya, alisema Profesa.

— Basi ni vumbi la huko.

— Ndiaye, ukishashiba wali hata akili inalala.

— Afadhali mimi nashiba. Nyie akina Diop sufuria inaisha bado mnatafuna.

Ni koo za watani, Diop na Ndiaye. Hatuamkiani bila kutukanana.

Yacine, mfanyakazi mwenzetu mpya, aliweka kikombe chake chini, akauliza:

— Oda za leo zinafunguka?

— Hizo zinafunguka, nilisema.

— Kila oda huhifadhiwa imefungwa kama kifurushi, na juu yake jina la aina yake. Fremuweki isipolijua hilo jina, haifungui. Sasa zile za zamani mliziitaje?

Profesa akaanza kukagua viatu vyake.

Alikuwa ameziita NdiayeMlafi. Miaka yote jina hilo lilikaa ndani ya programu yetu, na siku ya kuhama nililifuta kwa raha zangu zote, nikaandika Oda.

— Lirudishe, alisema Yacine.

— Hakuna njia nyingine, dada yangu?

— Ipo, ila mpaka tuimalize watu wameshasherehekea bila nyama.

Profesa alinifuata ngazi nzima ili ashuhudie. Nikaandika herufi moja moja, NdiayeMlafi, na oda zikaanza kufunguka. Ya kwanza kutokea kwenye skrini ilikuwa yangu mwenyewe, kondoo dume wawili, wanono.