Mashahidi wa Dozi

Benchi lenyewe halikununuliwa. Lilitoka ndani ya duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, miaka ishirini iliyopita, siku mfamasia alipoleta viti vya plastiki kwa ajili ya wagonjwa wake na kuona ni dhambi kuchoma mbao ngumu namna ile. Alilibeba mwenyewe kichwani, akalivusha barabara, akalitua mbele ya kibaraza cha fundi cherehani, na tangu siku hiyo pembe hii ya mtaa imekata kesi ambazo mahakama zenye majoho na feni za dari zimeshindwa kuzikata. Hapa iliamuliwa nani baba wa mbuzi. Hapa timu ya taifa ilipangwa upya mara mia moja na kumi, na kama benchi lingesikilizwa, nchi ingekuwa na vikombe mpaka vya kunywea maji. Alasiri hii ya Jumanne mfamasia huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Dozi, alikuwa ameketi kwenye benchi lake la zamani akitazama mlango wake wa zamani. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, na juu ya kufuli karatasi yenye mhuri. Nyuma ya kioo, koti lake jeupe bado lilining'inia kwenye msumari, likianza kushika rangi ya vumbi.

Dozi alishtakiwa wiki tano zilizopita. Shtaka lenyewe fupi: kwamba alimuuzia mtu mmoja dawa kali ya maumivu, ile inayokaa kwenye kabati la kufuli, bila cheti cha daktari. Mtu huyo anasema hakuwa na cheti. Dozi anasema alikuwa nacho, alikisoma kwa macho yake mawili, ila karatasi haionekani. Yuko nje kwa dhamana. Leseni imesimamishwa, na baraza la wafamasia limemwandikia barua kwamba nalo litamkalia kikao, mahakama iseme isiseme. Kesi ni Alhamisi. Wakili wake amemwambia jambo moja: tafuta watu wa kueleza ulivyokuwa ukifanya kazi. Na kazi hiyo ya miaka thelathini imeshuhudiwa na nani, kama si benchi?

Shangazi wa birika, muuza kahawa, akapita na vikombe. Alianza kwa Spana, fundi magari mstaafu mwenye sauti ya honi. Akaja kwa Mkasi, fundi cherehani mwenye kibaraza. Akaja kwa Chaki, mwalimu aliyestaafu darasa lakini hajastaafu kusahihisha watu. Mwisho shangazi akammiminia Dozi, bila kumtazama. Ndivyo alivyomfanyia kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyejua sababu, na Dozi mwenyewe alikwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

— Kaka, ningekuwa wewe ningekana kila kitu, Spana akaanza. Ukiulizwa umri, kana. Ukiulizwa jina la baba, kana. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Methali hiyo imeingilia mlango gani? Chaki akauliza.

— Si nilivunjika guu mimi? Na nani alinitibu?

— Usimpoteze mwenzio, Mkasi akadakia, sindano mdomoni. Dawa ni kukiri. Unakiri mapema, unalia kidogo, hakimu anakupunguzia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Akikiri ameshajifungia duka, akasema Chaki. Ngoja nikuambie kwa lugha yako. Baraza litaipokea hukumu kama kitambaa kilichokwisha kukatwa, kazi yao kushona tu.

— Basi anyamaze, akasema Mkasi. Kunyamaza si haki yake?

— Dozi anyamaze? Spana akaruka. Mtu aliyekuwa akikueleza kidonge kimoja kwa nusu saa!

Wakacheka. Dozi naye akatabasamu kidogo. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti, tano, tano, tano, kama vilivyotembea miaka yote juu ya sinia la vidonge. Duka limefungwa lakini vidole havijapewa barua.

— Sikilizeni msomi, Chaki akasema, akajiweka sawa. Kesi ni kama dawa, ina tarehe ya kuisha. Avute muda. Leo jino, kesho tumbo, mwezi ujao hakimu kahamishwa, mwaka ujao faili limeliwa na panya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwaka ujao na yeye keshaliwa na panya! Spana akang'aka. Mimi nina njia ya siku moja. Hakimu ni binadamu, si kweli? Basi ana presha. Dozi apande kizimbani na ile mashine yake ya kupima mkono, ampime hakimu hapo hapo. Akimkuta juu, kikao kinaahirishwa, na mshtakiwa ndiye tabibu. Nani anamfunga tabibu wake?

— Na mwendesha mashtaka? Chaki akauliza.

— Apimwe. Karani apimwe. Mpaka saa sita mahakama nzima iko kitandani, Dozi ndiye anayeruhusu watu kwenda nyumbani.

— Bila koti hafiki popote, akasema Mkasi. Nitamshonea jipya, jeupe, mifuko minne. Hakuna hakimu mwenye ubavu wa kufunga koti jeupe. Akilitazama, haoni mshtakiwa, anaona sindano.

Dozi akaweka kikombe chini.

— Chekeni tu, jamani. Mimi nina miaka hamsini na minane. Leseni ikienda, nani wa kuniajiri? Nitakuwa nashona vifungo kwa Mkasi? Jana sokoni nimepishana na mama mmoja. Zamani angenisimamisha katikati ya njia anionyeshe kidole kilichovimba. Jana aliinamia nyanya mpaka nikapita.

Kisha Spana akamshika bega.

— Kaka, tutakwenda Alhamisi. Sote watatu. Unakumbuka ile Jumapili ya guu langu? Ulikuwa umevaa suti, unakwenda harusini, shemeji yuko garini anapiga honi. Ukafungua duka kwa ajili yangu. Ukanipa vile vidonge vya rangi mbili, vya kuua wadudu wa kidonda. Hukuniuliza hata swali moja!

— Na mwanangu? Mkasi akasema, akatoa sindano mdomoni kwa heshima. Alikuwa anahema kama cherehani yenye kutu. Ile kengele ya mlango wako... mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli inayofanana nayo, kifua changu kinafunguka. Ulimsikiliza kwa sikio tupu, ukashusha chupa, ukasema kijiko asubuhi, kijiko jioni. Leo kijana anainama kupita kwenye mlango wangu.

— Mimi miaka tisa nameza vidonge vya presha kutoka mkononi mwako, akasema Chaki. Miaka tisa! Daktari sijamwona hata kwenye kalenda.

Harufu ya spiriti na maboksi mapya ikamrudia Dozi, na lile jua la saa nne lililokuwa likiingia kwa pembeni na kuwasha chupa za kahawia kama taa. Lilikuwa duka dogo, lakini mtu aliingia amejikunja na kutoka amenyooka. Miaka thelathini haikwenda bure, akajiambia. Watu hawa wataniokoa.

Hapo ndipo akaja mgeni. Msichana mwembamba, faili kwapani, viatu vyeusi vimepigwa na vumbi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti.

— Huyu ndiye wakili wangu, Dozi akasema.

— Huyu? Spana akashangaa. Karibu, mwanangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Asante, mzee, sijui kama hilo ni karibu au ni tusi. Nataka majina ya mashahidi. Kesho asubuhi nayapeleka.

Mikono mitatu ikapanda. Wakahadithia tena, guu, kifua, presha, safari hii kwa mapambo zaidi. Kwenye hadithi ya Spana, shemeji sasa alikuwa bibi harusi mwenyewe. Wakili akaandika. Halafu kalamu ikapunguza mwendo. Halafu ikasimama.

— Wazee wangu, naomba kuuliza. Kuna hata mmoja wenu ambaye mzee huyu aliwahi kumwomba cheti cha daktari?

Spana akatazama guu lake. Mkasi akatafuta tundu la sindano, na uzi hakuwa nao. Chaki akasahihisha mkunjo wa suruali yake.

— Vidonge vya kidonda vilitaka cheti, wakili akasema taratibu. Vya presha vilitaka cheti. Mnampenda mpaka mnamfunga. Mwendesha mashtaka akiwasikia, atawanunulia soda.

Vidole vya Dozi vikasimama gotini. Zile zilizokuwa kumbukumbu zake tamu dakika tano zilizopita, sasa alizisikia zimejipanga kama hati ya mashtaka: kosa la kwanza, la pili, la tatu.

— Hizo zilikuwa dawa za rafuni, binti. Na ni kweli, nililegeza. Lakini kabati la kufuli sijawahi kumfungulia mtu bila karatasi. Kamwe.

— Nani atakayesema hivyo zaidi yako? Ulimkatalia nani?

Dozi akapekua kichwa chake. Aliowapa aliwaona wote, mstari mrefu unaotabasamu. Aliowakatalia hakuna aliyekaa akilini.

— Mimi.

Wakageuka. Shangazi alikuwa amesimama na birika mkononi.

— Mwaka ule wa mvua nyingi. Mama yangu mgongo umemshika, analia kama mtoto mchanga. Nikaja nimelowa. Nikamwambia, nipe ile ya kabatini, uliyompa jirani yangu. Akasema jirani alileta cheti. Nikalia. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Akaniambia, dada, hii hapana, angekuwa mama yangu mzazi pia hapana. Nikapanda gari mbili kwenda hospitali, mbili kurudi. Nilipoleta cheti, akanipa. Mama akalala.

— Mbona hukuwahi kutuambia? Mkasi akauliza.

— Niwaambie nini? Kila siku hapa mnahadithia mlivyopewa. Nami nihadithie nilivyonyimwa? Nilijua mtaa mzima una sura ya kupewa, isipokuwa mimi.

Sasa Dozi aliona: kanga iliyolowa juu ya kichwa cha shangazi, maji yakichuruzika sakafuni, ufunguo ukimchoma kiganjani. Alitaka kumpa. Alitaka sana. Ndiyo maana alijitahidi kusahau.

— Utakuja Alhamisi, mama? wakili akauliza. Ushahidi wako hautafuta yote, na baraza bado lipo. Lakini shahidi mmoja mwenye kinyongo ana uzito kuliko marafiki kumi.

— Nitakuja. Ila sitasema ni mtu mwema, hayo waachie hawa wapambe wake. Nitasema alinikatalia. Akamtazama Dozi usoni, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Na hawa wengine aliogopa kuwakatalia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Chaki akatafuta kosa. Methali ilikuwa imekaa mahali pake.

Dozi alitaka kusema samahani, au asante, akashindwa kuchagua ianze ipi. Akanyoosha kikombe. Shangazi akainamisha birika. Likatoka tone moja, likagonga kitako cha kikombe.

— Imekwisha, akasema.

Akakusanya vikombe vyake, akaweka birika kwenye mkono, akapiga hatua tatu. Kisha akageuka.

— Na kesho ukija, njoo na cheti.