Nilimwaga Dawa Zangu Mbele Yenu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana ninalosema leo halitawapendeza wote.

Mnanijua kama mzee wa kanisa hapa Mwanga. Tangu ujanani nina skizofrenia; nasikia sauti za watu wasiokuwepo. Mnakumbuka nilivyosimama hapa nikashuhudia kwamba nimepona. Nilimwaga vidonge vyangu sakafuni, nikavikanyaga. Mlipiga vigelegele! Nami nikadhani hiyo ndiyo imani.

Mwezi haukuisha. Niliacha kula, nikiamini mke wangu ananitilia sumu. Nikaingia ziwani na nguo zangu, nikifuata sauti. Wavuvi wakanitoa. Wadogo zangu wakanipeleka kijijini kwao Simbo, wakanifunga kamba kwenye nguzo ya jiko. Siwalaumu, waliogopa. Lakini kutoka kanisa hili hakuja mtu.

Aliyekuja ni Bi Mwajuma wa Ujiji, muuza dagaa, Mwislamu, aliyepata habari zangu kwa wavuvi, pamoja na wenzake wawili wa klabu ya watu wenye ugonjwa kama wangu. Alikaa chini, kwenye majivu, karibu yangu.

"Shikamoo, Mzee. Na mimi husikia sauti. Zako zinasema nini leo?"

"Zinasema wewe mchawi."

"Afadhali yako! Zangu zinasema dagaa wangu wananuka."

Nilicheka, ndugu zangu! Nimefungwa, nacheka! Akamgeukia mmoja wa wadogo zangu. "Mfungue, baba. Tumpeleke kliniki."

"Akikimbia je?"

"Tutakimbia naye."

Kamba ikafunguliwa, na kliniki nikaanza dawa tena. Haleluya!

Sasa kila Alhamisi niko klabuni. Tunamenya mihogo, tunapika, tunacheza bao, tunaulizana bila aibu nani amemeza dawa na nani ameacha. Asiyeonekana tunamfuata kwake. Sauti hazijaisha zote. Asubuhi hii zimeniambia nisije hapa. Nimekuja!

Nasikia mnanong'ona kwamba anayemeza dawa hana imani, avuliwe uzee wa kanisa. Nivueni! Dawa siachi, na klabu siachi. Mungu aliyenisikia nikiwa kwenye nguzo ndiye aliyemtuma yule mama. Sitakitupa tena alichonipa ili ninyi mpige vigelegele.

Namshukuru Yeye. Na wewe uliyemfungia mwanao mgonjwa chumba cha nyuma ndipo ukaja ibadani, sikuhukumu. Mtumaini Bwana, kisha nenda ukafungue mlango. Alhamisi mlete. Tutampakulia.