Asivuke Mtu Mpaka Nirudi

Habari hii nimeshasema sitaki kuisimulia tena. Pale kijiweni kuna midomo iliyoumbwa kwa kazi hiyo, lakini kila anayetaka kuisikia ananifuata mimi jikoni, eti, "Bibi, wewe huongezi chumvi." Siongezi kwa sababu chumvi nainunua. Haya, mmenipa na kalamu. Shule mimi niliishia pale wanapofundisha kuandika jina lako mwenyewe, kwa hiyo mkikwama kusoma, mjilaumu nyinyi mlionitafuta.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa duka la rangi na misumari, kwenye kona ambapo uchochoro wa kinyozi unatokea barabara kubwa. Mguu mmoja wa benchi ni tofali. Mimi nauza kahawa mwisho wa benchi upande wa kivuli, na asiyependa nikae kivulini na alete birika lake. Siku hiyo mchana akaja askari mgeni, hatujapata kumwona, kofia imemshukia mpaka kwenye nyusi na filimbi iko mdomoni kama mtoto na chuchu. Barabara ilishawekewa mapipa huku na huku, magari hayapiti. Yeye akafunga kamba kwenye nguzo ya taa, akaivuta kando ya barabara mpaka nguzo nyingine, upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Kisha akatoa filimbi mdomoni, akasema: "Msafara wa mkubwa unapita. Asivuke mtu mpaka nirudi." Akaenda zake. Mkubwa gani, hakusema. Anarudi lini, hakusema.

Tukakaa. Barabara tupu. Kuku mmoja akavuka taratibu, tukamtazama kwa wivu.

Ndipo akatokea Sindano, fundi cherehani, mtu mwembamba ambaye hata mbwa akibweka nyuma ya geti yeye humwomba radhi. Alikuwa amebeba gauni jeupe kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa wenyewe.

— Unakwenda wapi na hilo? — akauliza Jemadari.

Huyu Jemadari hajapata kuwa mwanajeshi hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa ghala la magunia. Ila walimpa buti, na zile buti zikampanda kichwani.

— Ng'ambo pale — akasema Sindano. — Mpwa wangu anaolewa leo. Gauni lilimpwaya, nimelibana kiunoni.

— Ng'ambo imefungwa.

— Na nani?

— Na serikali.

Sindano akaiangalia serikali. Ilikuwa kamba ya plastiki, ya buluu, kama ile ninayoanikia nguo zangu.

Dirisha la ghorofani upande wa pili likafunguka, akajitokeza shangazi wa bibi harusi. Yule mama akikuita, hata jina lako linaogopa.

— Shemeji! Unangoja nini? Mtoto kajifunga shuka huku! Saa tisa tunatoka!

— Nakuja, shemeji! Kuna kamba!

— Kuna nini?

— Kamba!

— Kwani wewe mbuzi?

Watu wakacheka. Sindano hakucheka. Mama wa yule binti alikufa zamani. Gauni ilikuwa zamu ya mama, na mjomba kaichukua zamu. Tena mjomba huyo huyo ndiye wa kumshika mkono binti na kumpeleka mbele za watu. Sasa kasimama na gauni mbele ya kamba, jasho linamtoka, analishika gauni kwa ncha za vidole lisilowe.

Hapo akatoka uchochoroni kinyozi, mkasi mkononi, nywele za mtu zimemjaa kifuani. Tunamwita Wakili. Siku moja alimnyoa wakili wa kweli, tangu hapo anadhani zile nywele zilidondoka na sheria zake.

— Huna mteja? — nikamuuliza.

— Ninaye, nimempaka povu, kasinzia. Nitie kikombe, Bibi. Kesi ya nini hapa?

Wakamweleza. Akanywa, akakohoa kisheria.

— Hii nyepesi. Amri ni kama wembe. Kama hakuna aliyeushika, haukati.

— Ukiuacha mezani ukaukalia — akasema Jemadari — utaniambia kama haukati.

— Sikiliza, mzee. Askari kasema asivuke nani?

— Mtu.

— Gauni ni mtu?

Jemadari akafikiri. — Gauni la bibi harusi ni nusu mtu. Limebakiza kuvaliwa tu.

— Basi nusu haijakatazwa. Litupwe!

— Litupwe! — Sindano akalikumbatia. — Shanga hizi nimezitia moja moja!

— Basi pita chini ya kamba. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walikuwa wanazungumzia kamba hasa hii.

— Wahenga hao hao — Jemadari akamrukia — walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nitazame magoti yangu!

— Magoti yako yalivunjwa na ngazi ya ghala, ulikuwa umelala juu yake.

— Nilikuwa nasikiliza!

Niseme ukweli, mimi nilikuwa upande wa Jemadari. Si kwa hoja zake, Mungu apishe mbali. Ila watu walikuwa wanazidi kukwama nyuma ya ile kamba, na mtu aliyekwama hana la kufanya ila kunywa. Siku hiyo hapakuwa na raia mwema kunishinda. Kila aliyegusa kamba nilimkemea: "Heshima kwa vyombo vya dola! Kaa unywe."

Shangazi akachungulia tena.

— Shemeji! Bwana harusi keshafika! Anauliza kama tumebadili nia!

— Mwambie bado! — akajibu Sindano.

Wakili akamshika bega. — Fanya hivi, kaka. Vuka kinyumenyume. Uso huku, mgongo kule. Mtu akikuona, anaona unakuja huku. Mahakama gani itakufunga kwa kosa la kurudi?

— Na nikianguka?

— Ukianguka ni ajali. Ajali haina amri.

— Upuuzi! — Jemadari akasimama, akakumbuka magoti, akakaa. — Leo utavuka kamba. Kesho utavuka mpaka wa nchi. Kesho kutwa tutakusikia redioni unaapishwa. Hivi ndivyo nchi zinavyopotea, zinaanza na mafundi cherehani. Halafu hamjui nyinyi. Hili ni jaribio. Hakuna msafara. Wakubwa wako juu ya paa na darubini, wanatafuta watu watiifu wawape vyeo.

Kila mtu akatazama juu ya paa. Palikuwa na chupi ya mtu inakauka.

— Au — akaendelea, maana akishaanza hana breki — msafara umeshapita. Magari ya siku hizi yanapakwa rangi ya barabara. Yamepita mbele yenu hapa hamkuyaona.

— Ningeyasikia — nikasema.

— Yana vyerehani badala ya injini, Bibi. Hayangurumi.

Nikamuuliza Sindano kama cherehani chake kinaweza kubeba mkubwa. Hakunisikia. Alikuwa anatazama dirishani. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amejitokeza, shuka mabegani, nywele zimesukwa vizuri. Hakuita, hakupunga mkono. Alimtazama mjomba wake tu, halafu akafuta jicho kwa pindo la shuka.

— Wewe vuka tu, bwana — Wakili akasema, safari hii bila sheria. — Atakufanya nini?

— Atanikamata. Nikikamatwa, hata gauni likifika, nani atamshika mkono?

Wakili akautia mkasi mfukoni. Jemadari akasema polepole, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Mimi niliona mtu kabishana na mwenye rungu, pale getini kwetu. Alikuwa na haki kabisa. Haki yake walikwenda kuishona hospitali.

Nami nikaona ni wakati mzuri wa kumimina. Nikainamisha birika, likatoa kohozi. Nikalitikisa. Tupu. Na kahawa yangu ilipoisha, utii wangu nao ukaisha hapo hapo. Nikamwambia Sindano:

— Mwanangu, mbona bado umesimama?

— Bibi, si wewe uliyesema heshima kwa vyombo vya dola?

— Nilikuwa na kahawa wakati ule.

Akafika mwanamke anauza mifagio, ametokea upande wa sokoni, mzigo uko kichwani. Akatazama kamba, akatazama barabara, akatutazama sisi tulivyojipanga kama vikombe.

— Jamani, mnangoja nini?

— Msafara wa mkubwa — akajibu Jemadari.

— Ule wa magari meusi? Mbona ulipita kule sokoni, nilikuwa sijauza hata fagio moja. Walitutimulia vumbi hilo!

Wakili akamgeukia Jemadari. — Rangi ya barabara, eeh?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone — Jemadari akanung'unika, na hakujua mwenyewe amekusudia nini. Akakaza shingo. — Haidhuru. Amri haijafutwa. Tumeambiwa tungoje mpaka askari arudi.

— Sawa — yule mama akasema, akahamisha mzigo wake. — Na asiporudi?

Jemadari akashughulika na kamba za buti zake. Wakili akanyoosha kikombe kwangu, nikakigeuza kifudifudi. Watu wote wale, wengine wamesoma mpaka wamevaa miwani, hakuna aliyejibu. Yule mama akangoja jibu kwa adabu, kisha akaanza kumuuzia fagio mtu wa karibu.

Sindano akavuta pumzi. Akaliinua gauni juu ya kichwa, akainama, akapita chini ya kamba. Akaanza kwenda, hatua za mtu anayekanyaga mayai. Upande ule, binti akashika mdomo. Amefika katikati ya barabara, filimbi ikalia.

Askari alitokea uchochoroni anakimbia. Kitambaa cha kinyozi kimefungwa shingoni, fulana ya ndani, upande mmoja wa kichwa hauna nywele na upande wa pili ni povu.

— Mteja wangu! — Wakili akapiga kelele. Na baadaye aliapa kwa watoto wake wote kwamba hakumjua. Kaingia kwa mlango wa nyuma, kofia na shati kaviweka kwenye mfuko, na mtu akishapakwa povu, anasema, raia na afande ni kitu kimoja.

— Wewe! — askari akafoka. — Simama! Nilisemaje mimi?

Sindano akasimama, mikono juu, gauni linapepea. Akajibu bila kugeuka nyuma, kwa adabu ile ile anayowaombea mbwa radhi:

— Ulisema asivuke mtu mpaka urudi, afande.

— Enhe! Sasa?

— Umerudi.

Askari akafungua mdomo, povu likaingia. Nasi tukabaki tunangoja. Wa kwanza kuinuka hakuwa Wakili. Alikuwa Jemadari. Akapiga saluti mpaka benchi likacheza kwenye tofali lake.

— Afande karudi! Amri imetekelezwa! Raia, vukeni!

Akapita chini ya kamba na magoti yake yale mabovu, analia "aii, aii", na barabara nzima ikamfuata. Kamba ikakatika. Askari akapuliza, akapuliza, ikawa kama muziki wa harusi.

Shangazi alishateremka chini. Akalipokea gauni, akawarushia wasichana mlangoni, akamsukuma Sindano ndani akaoshe uso, kisha akamgeukia askari. Akamzunguka mara moja, anamkagua kama nyama buchani.

— Wewe ndiye uliyefunga barabara ukaenda kunyoa?

— Mama, mimi niko kazini.

— Nakuona. Hata povu linajua. Viti vya wageni wangu viko kwenye mkokoteni nyuma ya mapipa yako, tangu mchana. Chagua. Utavibeba, au nikusindikize kwa mkubwa wako sasa hivi, na kichwa hicho hicho.

Askari akatazama huku na huku, akitafuta wa kumwonea huruma. Pale kijiweni huruma hatuuzi. Akavibeba. Vinne vinne, kitambaa cha kinyozi kinampepea mgongoni, na wenye magari, mapipa yalipoondolewa, wakimpigia honi kila safari. Wakili alijitolea kummalizia kichwa. Shangazi akasema viti kwanza. Sindano naye alitoka na binti mkononi, kifua mbele, gauni limemkaa sawasawa, na nilimsikia akimwambia yule yule afande, aliyezuia njia na viti vyake, "Tupishe tafadhali," sauti ndogo, lakini aliitoa.

Kiti cha mwisho nilikikalia mimi. Kahawa imeisha, nimealikwa, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kungoja. Nikamwambia askari aninyanyue. Akanitazama toka juu mpaka chini. Mimi si mwepesi, na sijapata kumwomba mtu radhi kwa hilo. Akamwita Wakili ashike upande mmoja, wakanyanyua, mishipa ikawatoka shingoni. Tulipofika katikati ya barabara, magari yanapiga honi mbele na nyuma, nikawaambia wasimame kwanza, nifunge kilemba changu vizuri, siwezi kuingia harusini kama mtu aliyefukuzwa.

Wakili akasema agizo hilo halina msingi wowote kisheria.

Askari akasimama. Alinishikilia hivyo hivyo hewani, povu linamkaukia kichwani, nami nikakifungua kilemba chote, nikakikung'uta, nikaanza upya.