Jina la Kapiteni Doravo

Basi lilikuwa limetoka Majengo. Mama mmoja alimpakata mtoto wa kiume mwenye nguo nyeupe za ubatizo, na kijana wa pembeni yake akauliza jina.

“Doravo,” alijibu mama kwa fahari, “kama kapiteni wa ile serie ya televisheni, ya vyombo vya angani.”

Kijana alishika kichwa. “Mama, haujaona serie mupya, ile ya ujana wake? Doravo aliuzisha sayari yao kwa maadui!”

“Uongo huo! Mutafsiri wa kwanza, mwenye kuisema serie kwa Kiswahili, alisema Doravo ni mutu muzuri. Huyu mupya hajui Kiingereza, anajazia tu.”

“Nimeona kwa macho yangu! Maadui walimuletea wanyama kumi na wawili wa miguu sita.”

“Hiyo ni mahari ya dada yake, weye!”

Basi zima lilicheka, hata mimi, mchekeshaji, ambaye kwa kawaida sicheki maneno ambayo sikuyatunga.

Tulisimama mbele ya kanisa la Katindo, mama akashuka. Kijana akatoa kichwa dirishani. “Mama, padri hajaandika bado! Umuite Guylain, kama mimi!”

Mama aligeuka, akamtazama toka nywele hadi kifua.

“Wewe? Serie yako hata mwisho haijafika!”